Uzi wa Posta

Mama hakuja dukani na picha wala bei.
Alikuja na uzi wa katani, wa kufungia vifurushi,
uliobaki mfukoni mwake baada ya miaka thelathini na mmoja
ya kupeleka barua kwa miguu, mlango kwa mlango,
katika mji huu wa Porth Celyn, pwani ya Welisi,
uliojengwa kana kwamba waanzilishi wake walikuwa mbuzi.

Uzi una mafundo.
La kwanza, upana wa mlango wa mbele.
La pili, ile kona ya ukumbini penye kabati la bibi
ambalo halihamishwi hata kwa mtutu wa bunduki.
La tatu, kimo cha kizingiti.
La nne kalifumbata kiganjani.

"Hizi za magurudumu matatu," akaanza Bwana Pugh,
"hugeuka papo hapo, kama sarafu juu ya meza."
"Na kwenye mteremko?"
Bwana Pugh akakohoa.
"Kwenye mteremko mtu apunguze mwendo,
wala asikate kona kwa hasira."
"Basi hainifai. Mimi hasira ninazo."

Kumbe mimi nilikwisha chagua.
Nilichagua jana usiku, yeye amelala:
ile skuta ya kijivu, nyepesi, inayokunjwa mara tatu
kama kitanda cha kambi.
Nilishaondoa kila kitu kwenye buti ya gari,
viatu vya mvua, mpira wa Ifan, gunia la chumvi ya barafu.
Hata ufagio nikapitisha.

"Hii," nikasema, "tutakwenda nayo popote."
Mama akaketi. Goti likagonga usukani.
Vidole vyake vya baridi yabisi vikautafuta wenzo
kama mtu anayepapasa swichi gizani.
"Tutakwenda," akarudia. "Sisi."
Akagusa bawaba, akagusa komeo, akainuka.
"Kinachokunjwa humkunja na mwenyewe.
Kikiingia garini mwako nami nimeingia humo,
Jumanne na Ijumaa, ukipata nafasi."

Ningejibu nini?

Akazipita ndogo zote, fimbo ikigonga sakafu,
hadi kwa jitu jekundu kule pembeni:
magurudumu manne manene, kiti cha kuzunguka,
taa, kikapu cha kutosha sufuria,
betri mbili nzito kama kondoo.
"Hilo halikunjwi," Bwana Pugh akatahadharisha.
"Halipandi gari, halipandi basi.
Litataka banda, na umeme wa kulilisha usiku kucha."
Mama akanyoosha uzi. Jitu lilizidi fundo la kwanza
kwa vidole viwili.
"Likae nje. Anayeingia ndani ni mimi."
"Mama!"
"Chaji moja, umbali gani?"
"Maili ishirini, tambarare. Kwa vilima hivi gawanya kwa mbili,
na baridi ikikaza, toa tena kidogo."
Nilimpenda hapo, yule mzee. Hakumdanganya.

Ndipo Mama akafungua kiganja.
"Hili si la upana. Nililipima kwenye ramani ya posta:
kutoka kwangu hadi kwa Mair Tudur, juu ya Allt Wen.
Miaka miwili sijapanda. Simu tunapigiana,
ila Mair hasikii. Mimi namwambia habari za moyo,
yeye ananijibu habari za mvua."

Kila mtu hujikuna pale mkono wake ufikapo,
nami nilikuwa nimemnunulia mkono mfupi.

"Jaribu," akasema Bwana Pugh. "Hadi nguzo ya taa, kisha urudi."
Mama akafunga kitambaa kichwani. Jitu likanguruma kidogo,
likashuka ukingo wa barabara bila kuyumba.
Manyunyu yakaanza.
Akaifikia nguzo.
Akaipungia mkono, wallahi, kama jirani,
akakata kushoto, akashika kilima.

"Hajalipa," Bwana Pugh akasema, si kwa kulalamika.
Nikatoa pochi. Kupitia kioo nililiona gari langu,
buti wazi kama nilivyoiacha,
safi, tupu, mvua ikiingia.